Barua kwa Wenye Mbwa wa Githongo

Githongo, Julai

Kwenu wenye maboma hapa Githongo, kuanzia sokoni hadi mashamba ya chai yanayopakana na msitu. Nakala kwa wawakilishi wadi wetu na kwa idara ya mifugo ya Kaunti ya Meru.



Wengi wenu mnanijua kwa honi kuliko kwa jina. Kwa miaka 12 nilikusanya maziwa kwa pikapu, nikitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, wakati ukungu umeshuka hadi barabarani na taa za gari hazifiki kichaka cha tatu cha chai. Anayepita malangoni saa hiyo huona yasiyoonwa na mgeni wa saa nne. Najua nani hukamua akiwa amevaa koti la mumewe. Najua nani hutia maji kwenye mtungi wa maziwa, ila hayo ni ya barua nyingine. Na nawajua mbwa wenu.

Sikuwajua kwa majina. Huku kwetu boma la kwanza lina Simba, la pili lina Tommy, la tatu lina Simba tena. Niliwatambua kwa malazi. Kulikuwa na yule wa chini ya mkokoteni. Kulikuwa na wa ndani ya pipa lililolazwa ubavu, ambaye sikuwahi kuona zaidi ya pua yake. Kulikuwa na yule aliyelala juu ya magunia matupu ya kahawa, akaruka chini mara tu aliposikia komeo la mlango wa mwenyewe. Mmoja alilala juu ya lundo la samadi, na kwa muda mrefu nilimwona mchafu, hadi asubuhi moja nilipoteleza nikashika lundo lile kwa mkono: lilikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe. Mbwa yule alikuwa amejitafutia hita, na mwenye boma hakujua kama anayo.

Lakini wengi walikuwa kwenye mnyororo. Ukitaka kujua mbwa amefungwa kwa muda gani, usimwulize mwenyewe, tazama ardhi. Mnyororo wa mita 2 huchora duara, kama bikari kwenye daftari la mtoto wa shule, na ndani ya duara hilo hauoti hata ukoka. Mvua za masika zikipita, duara limekuwa tope. Julai tope halikauki. Mita 2 kila upande ni mita za mraba 12 na nusu hivi. Hapo ndipo anapokula, anapokwenda haja na anapobweka, na usiku ukiingia ndipo anapojikunja, pua chini ya mkia, mgongo akiuelekeza kwenye upepo. Nikimulika nilikuwa naona matone ya ukungu yamesimama kwenye manyoya ya mgongo wake, moja moja, kama umande juu ya jani la nduma.

Nami nilikuwa na wangu, kwenye duara lake. Sitaki mdhani naandika nikiwa nimenawa mikono.

Ninachowaambia ni hiki. Sisi wa Githongo tunajua kumkinga mnyama na baridi. Tumejifunza kwa ndama, kwa vifaranga, kwa hasara. Ujuzi huo tunamnyima mbwa kwa sababu vichwani mwetu hatujamweka kwenye fungu la mifugo. Tumemweka kwenye fungu la kufuli na seng'enge, vitu ambavyo mtu huviacha nje usiku bila kujiuliza vimelalaje.

Baridi ya kwetu ina ujanja wake. Theluji tunaiona kwa mbali tu, siku mlima unapojitokeza, mita 5,199 juu, kisha unajifunika tena. Yetu ni baridi ya unyevu. Ule upepo ambao watu wa Pwani huuita kusi, unaowachafulia bahari wavuvi katikati ya mwaka, hauishii kule. Unaingia bara umebeba maji, unafika upande wetu wa Mlima Kenya, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa wingu. Ndani ya wingu hilo ndimo tunamoishi Juni, Julai na Agosti. Mvua yenyewe ni manyunyu, ya kulowesha mtu bila kujaza tangi, na jua linaweza kupotea siku tatu mfululizo. Hata chai huihisi: machipukizi yanachelewa, na kituoni mizani haisomi kama ilivyosoma Mei.

Kwa mbwa, unyevu huo ndio unaoua. Watu huniambia mbwa ana koti lake. Kweli, na mtoto wa shule ana sweta yake, mpaka anyeshewe. Manyoya hayatengenezi joto. Yanashika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Yakilowa, hewa inatoka na maji yanakaa mahali pake, na hapo mbwa ni heri angekuwa uchi mahali pakavu. Halafu kuna ardhi, ambayo hunyonya joto la anayeilalia usiku kucha. Mwili wa mbwa mzima una joto la nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya letu, na kuutunza moto huo kwenye tope kunahitaji kuni, yaani chakula. Ndiyo maana mbavu za mbwa huhesabika mwezi wa Julai hata kama ugali wake haujapunguzwa. Na hawa wetu wa kienyeji wana manyoya mafupi. Msiwalinganishe na wale wa Siberia mnaowaona kwenye simu wakilala ndani ya theluji kama wako kitandani.

Sasa niwaeleze usiku ulionitoa kwenye usingizi wangu.

Ng'ombe wangu alizaa saa nane usiku, Julai, ukungu ukiingia hadi ndani ya zizi. Kazi ya hapo mnaijua. Nilimsugua ndama kwa gunia hadi manyoya yakasimama. Nikamtia iodini kitovuni. Nikamwaga vumbi la mbao juu ya sakafu iliyoinuliwa, nikaziba pengo la upande wa upepo kwa karatasi ya nailoni, nikamsimamisha akanyonya dang'a. Yote hayo niliyafanya bila kuwaza, kama mtu anavyofunga kamba za viatu. Nani kati yetu hajawahi kuzika ndama wa nimonia? Somo hilo tulishalilipia karo.

Nikatoka nje na gunia la pili mkononi, kavu, halijatumika. Mbwa wangu, Simba, alikuwa hatua nne kutoka mlango wa zizi. Hakubweka. Alikuwa akitetemeka hadi pete za mnyororo zinagongana, kasauti kadogo, kama vijiko ndani ya droo. Nikawa nimesimama pale na gunia langu. Nilikuwa nimetumia muda wote ule kumkausha mgeni ambaye hajanifanyia lolote, na huyu alikuwa na miaka saba kwangu, na mara mbili nilikuwa nimeamshwa naye nikakuta kamba ya ng'ombe imekatwa lakini ng'ombe yupo. Wahenga wanasema shukrani ya punda ni mateke. Punda wa usiku ule alikuwa mimi.

Nilimfungua, nikampangusa, nikamlaza kwenye vumbi la mbao upande wa pili wa ukuta wa ndama. Asubuhi nilimkuta bado amelala vilevile, amejinyoosha. Kujinyoosha huko ndiko kulikonishtua. Miaka saba nilikuwa sijawahi kumwona amelala miguu imenyooka.

Kibanda nilichomjengea baadaye nilikijenga mara mbili, maana mara ya kwanza nilijenga kwa majivuno. Mabati mapya, mlango wa upana wa mtu, nafasi ya mbwa wawili na mgeni wao. Kikawa na baridi kuliko nje, na Simba akakikataa kwa adabu: aliingia nikimtazama, akatoka nikigeuka. Jirani yangu alipita akauliza, "Dereva, nyumba ya mama umemaliza ndiyo ukaanza ya mbwa?" Nilimwacha acheke. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Ujerumani wana kanuni ya kufuga mbwa, nayo inataka banda la mbwa anayekaa nje liwe la kiasi ambacho mbwa mwenyewe anaweza kulipasha kwa joto la mwili wake. Wajerumani wameandika kwenye sheria jambo ambalo kuku anayeatamia analijua tangu zamani.

Kwa kibanda cha pili nilimpima Simba kwanza. Nilimpima amelala na amesimama, nikaongeza kiganja kila upande, aweze kugeuka na basi. Kuta ni mabanzi, yale mabaki ya mashine ya mbao yenye gome upande mmoja, yamepigiliwa yakipandana ili upepo usipate pa kupenya. Sakafu ni mbao juu ya matofali manne, maji ya mvua yapite chini yake. Mlango uko pembeni, si katikati, ili akijikunja kwenye kona asiwe mbele ya upepo, nao umeupa kisogo upande manyunyu yanakotoka. Juu ya mlango nilipigilia gunia likaning'inia kama pazia. Paa ni mabati ya zamani, yenye mteremko, na chini ya mabati kuna tabaka jingine la mabanzi, kwa sababu mabati matupu hutoka jasho usiku na kumdondoshea aliye chini. Mnaolala kwenye nyumba zisizo na dari mnajua ninachosema. Gharama ilikuwa misumari na nusu siku ya fundi. Kicheko cha fundi kilikuwa bure.

Kosa jingine lilikuwa blanketi. Nililitoa kwa moyo mweupe, na siku ya tatu lilikuwa zito kwa maji, linanuka, limekuwa tope la kitambaa. Blanketi nje ni sifongo. Weka nyasi kavu, mabua ya maharagwe, majani makavu ya migomba, au maganda ya mpunga ukiwa na mtu wa kukuletea kutoka Mwea. Mbwa huyachimba, akajizungusha mara mbili tatu, akajitengenezea kiota. Yakilowa yatoe uweke mengine. Yale ya zamani yatakwenda kwenye samadi, hapajapotea kitu. Usiku wa baridi kali ongeza kidogo kwenye sufuria yake, hata kama ni mchuzi wa matumbo juu ya ugali wa jana, na maji yawepo. Mbwa hupata kiu Julai pia.

Nilipoanza kusema haya mtaani nilipata majibu. Wengine waliniambia mbwa akistareheshwa halindi. Hili nawajibu kama mtu wa usiku. Mwizi wa ng'ombe hamwogopi mbwa aliyefungwa, anahesabu mnyororo. Akishajua duara linaishia wapi, anapita nje yake na kamba mkononi. Mbwa atabweka, ndiyo, lakini jana alibweka kwa baridi na juzi alibweka kwa njaa, na zote mbili ulivuta blanketi ukafunika masikio. Mtazameni soja wa usiku pale sokoni: koti zito, buti za mpira, jiko la makaa miguuni, chupa ya chai. Sijasikia aliyemvua koti ili awe macho zaidi. Mbwa aliyekauka na kulala kwa vipindi huamka kwa sababu amezisikia nyayo. Aliyetetemeka tangu saa mbili usiku, saa tisa hana tena cha kukupa.

Hoja nzito niliambiwa na mama mmoja ninayemheshimu sana. Alisema watoto wa watu wanalala baridi Githongo hii, nami nazunguka nikihubiri mbwa. Sina jibu la kumshinda, na nadhani halipo. Ninaloweza kusema ni kwamba mabanzi yale yalikuwa yanangoja kuwa kuni, na nyasi zile hakuna mtoto aliyenyimwa. Tena nimeona kwenye njia yangu ya maziwa kwamba maboma yenye mbwa waliotunzwa hayakuwa yale yenye pesa. Boma moja lililokuwa na geti la chuma na kamera lilikuwa na mbwa mwembamba kuliko wote barabara nzima, amefungwa kwenye nguzo ya stima. Na bibi kizee mmoja wa kule juu, ambaye maziwa yake hayakuzidi lita tatu, alikuwa amemkatia mbwa wake gunia la mbolea likawa fulana, mashimo mawili ya miguu, limefungwa kwa uzi wa katani. Lilikuwa na maandishi ya kampuni ya mbolea mgongoni. Mbwa yule alitembea kama chifu.

Kuhusu mnyororo wenyewe, sisemi mbwa wote waachwe barabarani. Boda zinapita, mbuzi wa jirani wana wenyewe, na mbwa aliyekaa kifungoni miaka mingi akiachwa ghafla anaweza kumng'ata mtoto. Boma lenye ua mzima, mfungulie usiku. Boma lisilo na ua, nyosha waya kati ya miti miwili, pete ipite kwenye waya na mnyororo ushikwe na pete, naye awe na njia ya kutembea kutoka kibandani hadi langoni na kurudi. Mnyororo ufike ndani kabisa ya kibanda. Nimeona, si mara moja, kibanda kizuri kimejengwa na mnyororo umeishia hatua moja kabla ya mlango, mbwa amelala kwenye manyunyu akikitazama.

Sheria ipo, kama kuna anayependa sheria. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ina umri wa karibu sawa na wa taifa lenyewe, na ndani yake kumfunga mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu ni kosa, sawa na kumnyima chakula au maji. Mahakama tunayo hapa hapa Githongo. Sijasikia mwenye mnyororo akipandishwa kizimbani kwa ajili hiyo, na kusema kweli sitamani. Jirani akishtakiwa kwa sababu ya mbwa, atakayelipa faini hiyo ni mbwa.

Wawakilishi wadi na watu wa idara ya mifugo, hapa nawageukia ninyi. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeweka udhibiti na ustawi wa wanyama mikononi mwa kaunti, na imetaja kabisa leseni za mbwa na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kwa hiyo mbwa ni ajenda yenu, mpende msipende. Tena ninyi mna sababu ya kwenu. Nchi ilijiwekea mkakati mwaka 2014 wa kumaliza kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo 2030, na hesabu ya wataalamu ni kwamba angalau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ili ugonjwa ukose pa kupitia. Sasa niambieni, mbwa ambaye hajashikwa na mkono wa mtu tangu alipokuwa mdogo, anayesukumiwa sufuria kwa fimbo, nani atamfikisha kwenye uwanja wa shule siku ya chanjo? Mwenyewe anamwogopa. Anayeletwa ni yule aliyezoea kuguswa, na mbwa huzoea kuguswa kwa mtu anayekuja kubadilisha nyasi zake. Mimi Simba nilimpeleka kwa kamba ya katani, akakaa kwenye foleni vizuri kuliko baadhi ya wazee tuliokuwa nao.

Ninachoomba kwenu si pesa nyingi. Mkija kuchanja, afisa mmoja aseme maneno kumi juu ya malazi. Chifu akiita baraza mwezi wa Mei, kabla baridi haijaingia, ayaseme tena. Na mjenge kibanda kimoja cha mfano mbele ya ofisi ya mifugo, cha mabanzi, si cha kontrakta. Sisi wafugaji vipeperushi tunafungia sukari; tunachosoma ni ukuta wa jirani.

Lipo jambo moja ambalo ningependa lisemwe hata kama mengine yote yatasahauliwa. Wengi wetu tukimaliza kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, tunageuza pampu kwa mbwa na kumaliza masalio, asubuhi hiyo hiyo ya baridi. Dawa nyingi za kupe tunazotumia zina amitrazi. Ikizidi kiasi kwa mbwa humlegeza, hupunguza mapigo ya moyo na kushusha joto la mwili. Kipimo cha ng'ombe mwilini mwa mbwa mdogo, aliyelowa, Julai, kisha kurudi kwenye mnyororo: watu huamka wakimkuta amelala tu wakasema amerogwa au amepewa sumu na wezi. Muulizeni daktari wa mifugo dawa ya mbwa na kipimo chake, mnyunyizieni mchana jua likiwepo, akauke kabla ya jioni. Paka msimguse kabisa kwa dawa hizo za ng'ombe. Hata zile nyingine zisizo na amitrazi, za jamii ya pareto ya viwandani, humwua paka.

Mbwa akiwa amezaa, mtazameni kila asubuhi. Watoto wa siku chache hawawezi hata kutetemeka; joto lao ni la mama yao na la kila mmoja kwa mwenzake. Ukimkuta mmoja ametengwa na lundo, baridi kama jiwe la mtoni, usikimbilie maziwa. Tumbo lililopoa halisagi. Mpashe kwanza, polepole: mkaushe, mtie kifuani ndani ya koti, au mlaze kando ya chupa ya soda yenye maji ya uvuguvugu iliyovishwa soksi. Maziwa baadaye, akianza kujinyonganyonga na kulia. Usimweke kando ya moto, kwa maana ngozi iliyopoa haihisi inapoungua. Hivyo hivyo kwa mbwa mkubwa aliyezidiwa. Na mjue kwamba mbwa anayetetemeka bado anapigana. Yule aliyeacha kutetemeka na bado yuko baridi, fizi nyeupe, anayumba, huyo ndiye wa kumkimbilia. Mbwa wazee, wale wanaoinuka kwa awamu, miguu ya nyuma ikichelewa, wana baridi yabisi kama babu zetu, na wanachohitaji zaidi ni sakafu iliyoinuka na isiyo na unyevu.

Jiko la makaa lisiingie bandani, liwe la mbwa, la vifaranga au la watoto wenu. Kila msimu wa baridi nchi hii inasoma habari za watu waliofunga madirisha wakalala na jiko. Gesi yake inayoua haina harufu, na kifaranga na mtu huwaondoa vilevile.

Paka nimemwacha nyuma kwa sababu paka wa Githongo amejitatulia. Anaishi jikoni, kwenye majivu ya moto wa kuni, na hamna baridi itakayomtoa. Ila wenye magari, gongeni boneti kabla ya kuwasha asubuhi. Injini iliyozimwa usiku ina joto, naye analijua. Mimi nililijua siku moja saa kumi na moja na robo, na sikukusanya maziwa vizuri siku ile.

Simba amefikisha miaka tisa sasa. Jana usiku nilitoka kumtazama, nikainua lile gunia la mlangoni. Hakuinuka. Alifungua jicho moja, akaona ni mimi, akalifumba, na hewa iliyonipiga usoni kutoka humo ndani ilikuwa ya joto na harufu ya mbwa na nyasi.

Mashine ya mbao kule chini bado ina lundo la mabanzi, na mwenyewe amekubali tuyabebe. Jumamosi nikishafikisha maziwa yangu nitapita na pikapu kuanzia sokoni kwenda juu. Anayetaka asimame langoni, na awe ameshampima mbwa wake akiwa amelala. Misumari mjinunulie; nyundo ninazo mbili.

Wenu,
Dereva wa zamani wa maziwa